Roboti ya minyororo: mtihani uko kwenye kona

Roboti ndogo ya minyororo, ile inayotembea kwa mtindo wa kifaru cha vita au katapila la barabarani, ina tabia moja inayowachanganya wengi wanaoiunda kwa mara ya kwanza. Ukiiwasha, inakwenda mbele bila wasiwasi. Ukiiamuru irudi, inarudi. Inapanda daftari, inavuka waya, inapita juu ya kandambili. Iambie sasa igeuke kushoto. Inatetemeka, mota zinanguruma, taa ya bodi inafifia, kisha kila kitu kinazima na kuanza upya. Mwenye roboti anafungua programu na kutafuta kosa mstari kwa mstari, wakati kosa lilishaingia siku alipokata ubao wa kiunzi cha roboti.

Makala hii inalifuata tatizo hilo moja kutoka sakafuni hadi kwenye programu, kwa sababu ukilielewa, manunuzi yote yanajipanga: ubao uwe na vipimo gani, mota ipi, draiva ipi (bodi inayozigawia mota umeme), betri ipi. Ninazungumzia roboti ya kujifunzia na kujifurahisha, isiyofika kilo moja. Kwa bei za maduka ya mtandaoni ya China, vipuri vyake huwa kati ya dola 25 na 40 hivi kabla ya nauli. Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi utalipa zaidi kidogo, ila unakishika kifaa mkononi na kuomba kitestiwe hapohapo.

Je, unahitaji minyororo kweli?

Faida kubwa ya minyororo ni kutandaza uzito. Chukua roboti ya gramu 800, yaani uzito wa nyutoni 7.8 hivi. Ukiifunga magurudumu manne ya plastiki, kila gurudumu linagusa sakafu kwa eneo la sentimita moja ya mraba, wakati mwingine pungufu. Kila sentimita hiyo inabeba karibu nyutoni 2. Iweke juu ya minyororo miwili, kila mmoja ukigusa chini kwa urefu wa sentimita 12 na upana wa sentimita 2, na eneo linakuwa sentimita 48 za mraba. Mzigo unashuka hadi nyutoni 0.16 kwa kila sentimita, mara 12 chini ya ule wa magurudumu. Ndiyo maana gurudumu hujichimbia kwenye mchanga mkavu huku mnyororo ukijipitia juu.

Tatizo hilo ndilo lililomkabili Benjamin Holt wa Stockton, California. Mashamba ya delta ya huko yalikuwa na udongo mweusi laini wa mboji, na matrekta ya mvuke yalizama hata yalipofungwa magurudumu mapana kupita kiasi. Novemba 24, 1904 alijaribu trekta lililoondolewa magurudumu ya nyuma na kuvalishwa minyororo ya vibao vya mbao. Mwaka 1925 kampuni yake iliungana na ile ya mshindani wake, C. L. Best, na Caterpillar ikazaliwa.

Minyororo ina gharama zake pia, na Tanganyika iliziona kwa ukubwa wake. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulipoanza Kongwa mwaka 1947, miongoni mwa mitambo ya kung'oa vichaka kulikuwa na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za mipango mibovu, lakini ardhi nayo ilichangia: ikikauka ni ngumu na inakwaruza, na chuma kinachosuguana nayo kutwa huisha mapema. Mnyororo una viungo vingi, na kila kiungo ni mlango wa mchanga. Hilo halibadiliki hata roboti ikiwa ya kuingia kwenye boksi la viatu.

Kwa hiyo kama roboti yako itaishi juu ya vigae vya sebuleni, nunua magurudumu. Utaokoa pesa na betri, na itakwenda kasi zaidi. Kama ina safari za uani, kwenye changarawe, nyasi na mchanga, endelea kusoma.

Kinachotokea chini ya mnyororo

Gari lina usukani. Magurudumu ya mbele yanaelekezwa kule linakokwenda na kila tairi linabingirika. Mnyororo hauelekezwi popote; roboti inageuka kwa tofauti ya mwendo. Wa kulia ukienda mbele na wa kushoto ukirudi nyuma, mwili mzima unazunguka kuelekea kushoto. Lakini mnyororo umelala chini kwa urefu wake, na ni katikati yake tu panapofuata mwelekeo bila kuburuzwa pembeni. Ncha ya mbele inavutwa upande mmoja, ya nyuma upande wa pili. Ni kazi ileile ya kuzungusha kabati zito bila kulinyanyua: kadiri lilivyo refu, ndivyo ncha zake zinavyofagia sakafu zaidi.

Tukichukulia kuwa uzito umesambaa sawasawa kwenye minyororo yote miwili, nguvu ambayo kila mnyororo lazima utoe ili roboti izunguke palepale ni hii:

nguvu = (msuguano × uzito × urefu) ÷ (4 × upana)

Msuguano hapa ni namba tupu isiyo na kipimo. Kwa mpira juu ya sakafu kavu tuseme 0.8. Urefu ni ule wa sehemu ya mnyororo inayogusa chini, usipime roboti nzima. Upana ni kutoka katikati ya mnyororo wa kushoto hadi katikati ya ule wa kulia.

Roboti yetu ya gramu 800, ikiwa na urefu wa sentimita 12 na upana wa 12, inadai nyutoni 1.56 kwa kila mnyororo, jumla 3.1. Namba hiyo peke yake haisemi mengi. Ilinganishe na mlima: nyutoni 3.1 ndizo zinazohitajika kuipandisha roboti hiyohiyo moja kwa moja kwenye mteremko wa digrii 24. Maana yake, kugeuka palepale kwenye sakafu tambarare ni sawa na kupanda digrii 24. Sasa irefushe, iwe sentimita 18 kwa 9, umbo ambalo wengi hulipenda kwa sababu linafanana na kifaru cha kweli. Kila mnyororo unadai nyutoni 3.1, jumla zaidi ya 6, na mlima unaolingana nao unakuwa wa digrii 53. Uzito hauingii kabisa kwenye ulinganisho huu. Ukipunguza gramu, mlima na kona vyote vinapungua pamoja, na uwiano wa urefu kwa upana unabaki palepale kukudai.

Uwiano huohuo una ukuta mwisho wake. Mnyororo hauwezi kusukuma kuliko msuguano unavyoruhusu, na ukiweka sharti hilo kwenye hesabu, msuguano na uzito vyote vinafutika. Kinachobaki ni kwamba urefu usifike mara mbili ya upana. Ukizidi hapo, hata ukifunga mota ya lori, minyororo itateleza mahali ilipo na roboti haitageuka. Waundaji wa vifaru wanaufahamu mpaka huu, ndiyo maana vifaru vingi, virefu kama vinavyoonekana, hubaki chini ya 2. Kwa roboti ya bei nafuu mimi sivuki 1.3.

Kuna njia tatu za kupunguza gharama ya kona bila kununua chochote, na ya kwanza ni kupanga mizigo. Hesabu ya juu ilichukulia uzito umetandazwa sawa. Ukiweka betri mbele kabisa na mota nyuma kabisa, mzigo unakaa kwenye ncha, mahali palepale panapoburuzwa zaidi, na gharama inaweza kukaribia mara mbili. Ukirundika vitu vizito katikati, inashuka kwa theluthi moja hivi. Betri ikae katikati, basi, hata kama waya zitalazimika kuwa ndefu.

Ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Roboti nyingi zina magurudumu madogo ya kubeba mnyororo kati ya lile la mbele na lile la nyuma. Yashushe ya katikati milimita 2 chini ya yale ya nchani. Kwenye sakafu ngumu roboti itakalia tumbo la mnyororo, urefu unaogusa chini utakuwa mfupi na kona itakuwa nyepesi. Ikiingia kwenye mchanga itazama zile milimita 2, urefu wote utagusa, na uzito utatandazwa pale hasa unapotaka utandazwe. Itayumba kidogo mbele na nyuma inaposimama ghafla. Acha iyumbe.

Ya tatu ni kuchagua mnyororo kwa sakafu. Mpira laini unashika vizuri kwenye ubao wa kupanda, lakini ushikaji huohuo ndio unaolipa kwenye kona. Vipande vya plastiki ngumu vinateleza pembeni kwa urahisi, na kwenye changarawe tofauti ya ushikaji haionekani sana.

Mota

Spoketi, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo, ikiwa na nusu kipenyo cha sentimita 2, zile nyutoni 1.56 zinadai nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-sentimita 3.1, ambayo wauzaji huiandika 0.32 kg·cm. Hapo hujahesabu kinachopotea ndani ya mnyororo wenyewe, viungo vikisuguana na magurudumu yakikwaruza mihimili yake. Kwenye mnyororo wa kutengeneza nyumbani hicho si kidogo.

Mota ya njano ya plastiki, ile inayokuja na karibu kila seti ya wanaoanza, ina giaboksi ya 1 kwa 48 na hutumia volti 3 hadi 6. Kwa volti 6 bila mzigo huzunguka mara 200 hivi kwa dakika, ambao kwa spoketi yetu ni mwendo wa sentimita 42 kwa sekunde. Nguvu yake ya mwisho, yaani pale inapozuiwa kabisa isizunguke, ni karibu 0.8 kg·cm. Mota haipaswi kuishi karibu na mwisho huo. Theluthi yake ni salama. Nusu unaivumilia kwa sekunde chache. Ubao wa 12 kwa 12 unadai 0.32, juu kidogo ya theluthi, na utageuka. Ule wa 18 kwa 9 unadai 0.64, na hapo mota imebakiza kidogo sana ikwame.

Kama mota za njano umeshazinunua, badilisha spoketi. Ukishusha nusu kipenyo kutoka sentimita 2 hadi 1.5, mzigo kwa mota unapungua kwa robo na mwendo unapungua kwa robo. Kwa roboti ya minyororo huo ni mkataba mzuri, maana hakuna anayeinunua kwa ajili ya mashindano ya kasi. Kama bado hujanunua, tafuta mota zenye giaboksi ya chuma ya kipenyo cha milimita 25, za volti 6, zinazozunguka mara 100 kwa dakika au chini ya hapo. Bei ni mara kadhaa ya zile za njano, na gia zake hazing'oki meno mara roboti inapobana kwenye mguu wa kiti.

Volti zinazopotea njiani

Mota ya DC haili umeme kwa kiwango kimoja. Mzigo ukiongezeka, ampea zinaongezeka. Ile ya njano ikikwama kwa volti 6 inavuta zaidi ya ampea moja, na kwenye kona mota zote mbili zinalemewa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kona ni mtihani wa sakafu na wa betri kwa pamoja.

Kati ya betri na mota kuna draiva, bodi inayopokea amri dhaifu za kompyuta ndogo ya roboti na kuruhusu umeme mwingi upite, mbele au nyuma. Ile nyekundu yenye chipu ya L298N imejaa kila duka kwa sababu ni rahisi na ngumu kuua. Lakini chipu hiyo ni ya zamani, imejengwa kwa transista za baipola, na inakula volti njiani: kati ya 1.8 na 3.2 kwa ampea moja, na kwa ampea 2 waraka wake wa kiwandani unaruhusu upotevu wa hadi volti 4.9.

Hili unaweza kuliona kwa macho. Weka multimita kwenye volti za DC, zungusha roboti juu ya zulia na gusa ncha za betri. Halafu gusa nyaya mbili za mota moja. Betri nne za AA za kuchaji zikisoma 4.6, kwenye mota utakuta volti 2 na ushee. Volti 2 na ushee kwa mota ya 6! Zilizobaki zimegeuka joto. Weka kidole kwenye kile kipande cheusi cha aluminiamu kilichosimama juu ya bodi na utazikuta hapo.

Draiva ndogo yenye chipu ya DRV8833 hutumia mosfeti, transista za aina nyingine, na kwa nusu ampea inapoteza chini ya volti 0.2. Inapokea volti 2.7 hadi 10.8 na kubeba ampea 1.5 kwa kila mota, ambazo kwa mota za njano zinatosha. Ni ndogo kuliko kiberiti na bei yake ni ileile au pungufu. Sioni sababu ya kumshauri anayeanza leo atumie L298N, isipokuwa moja: ukiwa na betri mbili za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano, volti 7.4, ule upotevu unaileta mota karibu kabisa na volti zake 6. Ni bahati tu, lakini inafanya kazi. Kwa DRV8833 na betri hizohizo, ambazo zikijaa hufika 8.4, punguza kwenye programu, ambako nguvu ya mota huandikwa kwa namba kutoka 0 hadi 255: usivuke 180, na mota itapata wastani wa volti 6.

Sasa lile tukio la kuzima na kuwaka linaelezeka. Roboti inaanza kona, mota zinakaribia kukwama, ampea zinapanda, volti za betri zinaporomoka. Arduino Uno, bodi ambayo ndiyo kompyuta ya roboti, inachota umeme wake kwenye betri hiyohiyo, na chipu yake, ATmega328P, imepangwa ijizime volti zikishuka chini ya 2.7. Ikijizima, amri za mota zinakatika; mzigo ukiondoka, volti zinapanda tena na bodi inawaka upya. Ikifika tena kwenye amri ya kugeuka, mzunguko unaanza mwanzo. Anayeichota 5V kutoka kwenye bodi ya L298N ana hatari ya ziada, kwa sababu kile kidhibiti cha 5V kilichopo hapo kinataka karibu volti 7 kuingia ndipo kitoe 5 kamili, na betri mbili za lithiamu zilizochoka hazifiki 7.

Dawa yake, kwa betri za lithiamu za volti 7.4, ni bodi ndogo ya kushusha volti, kama ile ya LM2596, inayoilisha kompyuta peke yake moja kwa moja kutoka kwenye betri, pamoja na kapasita, kifaa kinachotunza umeme kidogo wa akiba, ya maikrofaradi 1000 sambamba na mahali mota zinapochotea umeme. Lehemu pia kapasita ya nanofaradi 100 kati ya ncha mbili za kila mota, kuzima kelele za umeme zinazotoka kwenye brashi za mota. Na waya hasi wa kila kitu, yaani betri, draiva na kompyuta, ukutane mahali pamoja. Ukiusahau huo, draiva haitaelewa amri hata moja, na utailaumu bodi isiyo na kosa.

Betri

Betri ya mraba ya volti 9 iache dukani. Volti inazo, ampea haina. Mota mbili zikishtuka, inaporomoka. Nne za AA za kuchaji zikiwa na DRV8833 ni chaguo la amani, hasa kama watoto ndio waundaji.

Seli za lithiamu za 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, zina nguvu zaidi na mara nyingi hupatikana bure ndani ya betri za laptopu zilizokufa, kwa sababu katika pakiti ya seli sita huenda moja au mbili tu ndizo zimeharibika. Hapa sifanyi mzaha: seli hizi hushika moto. Ukifungua pakiti usizitoboe wala kuzikutanisha ncha kwa bisibisi. Yenye volti chini ya 2 usiifufue, itenge. Inayopona ichaji hadi 4.2, iache siku kadhaa, uipime tena. Iliyoshuka sana bila kutumika haifai. Bodi ya kuchajia ya TP4056 ni ya seli moja moja, kwa hiyo ukiwa na mbili kwenye mfuatano zitoe kwenye vishikio vyake uzichaji moja moja, au tumia chaja iliyotengenezwa kwa 8.4. Weka fyuzi, weka swichi, na usilale ukiwa umeziacha kwenye chaja.

Mnyororo wenyewe

Minyororo ya plastiki inayounganishwa kipande kwa kipande huuzwa kwa seti pamoja na spoketi zake, na faida yake ni kwamba unaongeza au kupunguza vipande hadi ukae sawa. Wa mpira ulioungana huja kwa urefu uliopangwa, kwa hiyo ubao ndio unaoufuata.

Unaotaka kuutengeneza mwenyewe una njia mbili zinazofanya kazi. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya bodaboda, ukafungwa vipande vya plastiki ngumu kwa ripiti au skrubu ndogo kila baada ya umbali sawa, unatosha kwa roboti nyepesi. Meno ya spoketi yanashika kati ya vipande, na umbali ukitofautiana hata milimita moja utausikia ukiruka. Njia ya pili ni mnyororo wa baiskeli, ambao umbali kati ya pini zake ni milimita 12.7 kiwandani, kwa hiyo hakuna cha kubahatisha. Lakini mnyororo mmoja mzima wa baiskeli una karibu gramu 300. Mota ya njano hapo haina chake. Huo ni mradi wa mota za waipa za gari na betri ya volti 12.

Ubao wa kukatia mboga wa plastiki hutoboleka vizuri na hauogopi maji. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu nao hutupa vipande vya pembe vinavyofaa kabisa kushikilia mihimili.

Mnyororo unatoka zaidi kwenye kona, kwa sababu ndipo unaposukumwa pembeni. Gurudumu la mbele likiwa limepinda hata kidogo, mnyororo utapanda ukingo wake na kuvuka. Liwekee tundu refu badala ya la duara ili uweze kulisogeza na kukaza mnyororo. Usikaze kupita kiasi, maana mkazo unalipwa na mota. Kipimo chake ni rahisi: nyanyua roboti hewani, pima ampea mota ikizungusha spoketi tupu, vaa mnyororo, pima tena. Namba ikiruka mara mbili, umekaza mno au mhimili umebana.

Programu ya kuendesha

Arduino Uno inatosha. ESP32, bodi nyingine ya kazi hiyohiyo, ina Wi-Fi na Bluetooth ndani yake, kwa hiyo simu inaweza kuiendesha kupitia ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari bila bodi ya ziada. Kwa atakayetaka kuiendesha kwa simu, bei zikikaribiana, hiyo ndiyo ya kuchukua. Ikumbukwe tu kwamba pini zake ni za volti 3.3, na kihisi cha umbali cha HC-SR04 kinarudisha jibu kwa volti 5, hivyo pitisha jibu hilo kwenye rezista mbili za kugawa volti.

Amri ya mtumiaji ina namba mbili, mwendo na kona, kona chanya ikiwa ya kushoto. Mota zinapata:

kushoto = mwendo − kona
kulia = mwendo + kona

Jumla ikivuka 255, wengi hukata kilichozidi. Ukikata, upande mmoja unabaki 255 na mwingine unabaki na namba yake, na kona inapungua bila wewe kutaka. Badala yake gawanya zote mbili kwa kiasi kimoja hadi kubwa iwe 255, na uwiano utabaki.

Usibadilishe mwelekeo ghafla. Mota iliyokuwa ikienda mbele kwa kasi kamili, ikigeuziwa umeme papo hapo, huvuta karibu mara mbili ya ampea za kukwama, na kugeuka palepale kunaufanyia upande mmoja jambo hilohilo kila mara. Ruhusu namba ibadilike kwa 10 kila milisekunde 20, na kutoka mbele kabisa hadi nyuma kabisa kutachukua sekunde moja hivi. Kona pana pia huigharimu roboti kidogo kuliko kuzunguka palepale, kwa hiyo penye nafasi ipe mwendo na kona kwa pamoja.

Ukitaka igeuke digrii kamili, usihesabu mizunguko ya spoketi. Kwenye mstari ulionyooka hesabu hiyo inakaribia ukweli, ila kwenye kona mnyororo unateleza kwa kiasi kinachobadilika kutoka vigae hadi zulia. Bodi ya MPU-6050 ina jairo ndani yake, inayopima kasi ya kuzunguka kwa roboti yenyewe bila kujali chini kuna nini. Ikusanye kasi hiyo kwa muda upate digrii. Ukitaka 90, kata umeme kwenye 85 hivi, kwa sababu mwili utamalizia wenyewe. Na uiwekee kikomo cha muda: sekunde 2 zikipita digrii haziongezeki, zima mota zote mbili, kwa sababu hapo roboti imekwama na kila sekunde inayofuata inachoma draiva.